Wiski Niliyoitema Mbele ya Wakwe

Siku mliponiaga kazini pale depo, mlinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kwa mtu ambaye hana tena pa kuwahi. Nimeitundika sebuleni na inatembea vizuri. Mkaniomba pia niwaandikie yale ninayoyajua kuhusu kuonja pombe, ili yasiende kaburini pamoja nami. Basi nimechukua daftari la mjukuu wangu, nimechana kurasa za hesabu, nimeanza. Mambo ya mshahara na vyeo sitayagusa. Mshahara wa depo mnaujua wenyewe. Nitaandika kuhusu wiski ya bei ya chini, ile chupa bapa ambayo mwalimu, dereva wa lori na motari wa pikipiki wanaweza kuinunua bila kugombana nyumbani. Na nitaandika kuhusu Mama Nabintu, kwa sababu kila mnachokijua kilitoka kwake, na kwa sababu hadithi yake mnayosimuliana pale depo si ya kweli. Najua si ya kweli kwa kuwa niliitunga mimi.

Niliingia depo ya Kavimvira, ghala la vinywaji hapa Uvira, kama mpakuzi. Nilikuwa tayari na mke na mtoto mmoja, na mgongo ambao ulikuwa bado haujajifunza kulalamika. Malori yalikuwa yanavuka mpaka kutoka Bujumbura, sisi tunashusha karton, tunazipanga juu ya mbao. Siku moja nilimwambia mwenzangu kwamba karton niliyokuwa nayo begani ilikuwa inanuka kama dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Mwenzangu alicheka. Lakini mwanamke aliyekuwa amekaa kwenye meza ya kona, amefunga kitenge cha kijani, amevaa miwani iliyoshikwa na uzi, alinyanyua kichwa.

"Weye, njo hapa. Umesema inanuka nini?"

Nikarudia. Akafungua karton, akatoa chupa, akainusa shingoni bila kuifungua. Kisha akamwita patron, mwenye depo. Chupa zote za karton ile zilikuwa zimefunguliwa mahali fulani na kujazwa upya. Patron aliniangalia kama mtu aliyeokota kisu sokoni na hajui kama ni kikali. Mama Nabintu alijigusa kifua, akasema tu, "Huyu kesho akae na minye."

Huyo ndiye alikuwa Mama Nabintu: mjane wa mtaa wa Kilibula, aliyekuwa na buveti, kilabu kidogo cha pombe, kabla mumewe hajafa, halafu akawa muonjaji wa depo. Kazi yake ilikuwa kuonja kila shehena kabla haijauzwa kwa wenye buveti na maduka. Hapakuwa na shule ya kazi hiyo. Palikuwa na meza yake, glasi sita za chai, sahani nyeupe, kitambaa, na ndoo yenye majivu ya kutemea.

Siku ya kwanza aliniwekea glasi tatu. Zote zilikuwa na rangi ileile ya chai ya rangi. Akaniuliza wiski ni ipi. Nilinyanyua moja baada ya nyingine kwenye mwanga wa mlango, nikakunja uso kama mtu mwenye elimu, nikachagua ya katikati. Ilikuwa lotoko, ile pombe kali ya mahindi inayopikwa majumbani, iliyotiwa sukari ya kuunguza. Ya kushoto ilikuwa chai kweli.

"Unaonja na macho," akasema. "Sukari ya kuunguza hata minye niko nayo jikoni. Funga macho, sema vile inanuka. Na usiseme vile bazungu banasema. Sema vile weye unajua."

Mengi ya mafundisho yake yamo katika maneno hayo. Alikuja mara moja delege, mjumbe wa kampuni iliyouza wiski, kijana nadhifu, akatueleza kwa Kifaransa kwamba wiski yake ilikuwa na vanila na moshi wa tourbe. Mama Nabintu akauliza tourbe ni nini. Akaambiwa ni udongo ambao watu wa kule huuchoma. Akanusa, akafikiri, akasema: "Hii iko samaki ya moshi, ya siku mbili." Delege alitabasamu kwa adabu. Mimi nilinusa, na tangu siku ile sijawahi kunusa kingine mle ndani.

Kwa hiyo tuliandika kwenye daftari letu kwa lugha yetu. Mahindi ya kuchoma, yaliyoungua upande mmoja. Ndizi iliyoiva mpaka ganda likawa jeusi. Ubao mpya kwa seremala, asubuhi. Jani la tumbaku. Kitenge kilichotoka sandukuni. Wiski ya bei ya chini haina maneno mengi. Nyingi ina mawili, na nyingine ina moja na uongo mmoja. Kazi ya muonjaji ni kulitafuta lile neno la kweli na kuona kama linabaki mdomoni baada ya moto kupita. Msiidharau wiski hiyo. Mama Nabintu alikuwa akisema ile ya bei kali watu wanainywa kwa macho na kwa majirani, lakini ya kila siku haina pa kujificha, kwa sababu anayeinunua amechoka na anataka kusikia ladha.

Mambo ya mikono nawaandikia hapa ili msiyasahau. Onja asubuhi, kabla jua halijapasha bati. Usile pilipili wala vitunguu. Kula muhogo wa kuchemsha bila chumvi. Usioge sabuni ya harufu, hata kama umeoa jana. Tikisa chupa, uangalie shanga za povu zinazopanda juu: zikikaa kidogo, sawa, zikifa mara moja, kuna maji yameongezwa. Mimina kiasi cha kijiko, nusa mdomo ukiwa wazi, kisha ongeza maji kiasi kilekile na unuse tena, maana maji huifungua wiski kama vile moto unavyoufungua mkate. Dondosha tone viganjani, sugua, subiri, nusa. Kinachobaki ndicho kitu chenyewe. Na mjue hili: kuna sumu katika pombe mbovu ambayo ulimi hauijui kabisa. Kifuniko kikikutia shaka, usijitie ushujaa wa kuonja. Rudisha karton nzima.

Na la mwisho, ambalo Mama Nabintu alinifundisha kwa kunipiga kikonzi: usimeze. Zungusha mdomoni, hesabu mpaka kumi, tema.

"Ukimeza, saa nne hautajua tena kama ni wiski ao ni maji ya ziwa," alisema. "Muonjaji mwenye anameza ni mulevi mwenye iko na kazi."

Alinipiga kikonzi mara nyingi sana mwaka ule wa kwanza. Mpaka mdomo ukajifunza wenyewe. Nikafika mahali ambapo nikiweka pombe yoyote ulimini, kichwa kinageuka kushoto na mdomo unatema kabla sijafikiri. Nyumbani nilikuwa sinywi, kwa hiyo sikuona tabu. Mke wangu alinicheka siku moja nilipotema chai.

Miaka ilipita hivyo. Tulikamata chupa za kweli zilizookotwa kwenye buveti na kujazwa uchafu. Tulikamata vifuniko vilivyobandikwa kwa gundi ya viatu. Mke wangu alifariki kwa ugonjwa wa moyo, akaniacha na Neema, binti yetu pekee. Mama Nabintu, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu pale Kilibula, hakuuliza ruhusa: alikuwa anapika vyungu viwili, kimoja kinavuka ua kuja kwetu. Neema alikulia mikononi mwake. Alipopata mchumba, alimwambia Mama Nabintu kwanza, mimi nikaambiwa wiki iliyofuata.

Sasa nimefika kwenye siku yenyewe. Nimelamba kalamu mara tatu.

Wakwe walikuja siku ya Jumamosi asubuhi kuleta mahari. Waliongozwa na Mzee Musafiri, baba mdogo wa kijana. Huyu Mzee Musafiri alimlea kijana kwa sababu kaka yake, baba wa kijana, alikufa siku tatu baada ya kunywa bia kwa rafiki. Hakuna daktari aliyesema lolote, lakini mnajua kwetu mtu akifa hivyo husemwa nini. Husemwa alinyweshwa karuho, sumu ya rafiki. Ndiyo maana huku kwetu mwenye nyumba hufungua chupa mbele ya wageni, hujimiminia wa kwanza, humeza huku wote wanamtazama, ndipo glasi inazunguka. Mtoto wa miaka mitano anajua hilo. Mimi pia nilijua.

Chupa ya siku hiyo ilikuwa zawadi ya Mama Nabintu. Wiki chache kabla tulikuwa tumeonja shehena ambayo ilitushangaza sote wawili. Wiski ileile ya kila siku, lebo ileile, bei ileile, lakini mahali ilikotoka mtu alikuwa ameikosea kwa wema: ilikuwa na ubao, ubao mpya kabisa, halafu ndizi, halafu kitu kama chumvi mwishoni kilichokaa mdomoni mpaka tukala chakula cha mchana. Alinunua chupa moja, akaifunga kwa kitambaa cheupe, akaileta asubuhi ile mbele ya watu wote. "Hii ni ya bakwe," akasema, na wanawake wakapiga vigelegele. Kisha akaenda kukaa kwenye kiti cha mama wa binti, maana hapakuwa na mwingine wa kukikalia.

Nilifungua chupa. Kifuniko kililia vizuri. Nilijimiminia kidogo, nikasimama, nikasema maneno ya kukaribisha, nikaweka mdomoni. Ilikuwa ileile. Ule ubao. Nilifurahi. Nakumbuka nilifurahi kweli, na katika furaha hiyo nikahesabu mpaka kumi, nikageuza kichwa kushoto, nikatema chini.

Sijawahi kusikia ua wa watu zaidi ya arobaini ukinyamaza namna ile. Nilisikia hata maharage yakichemka jikoni.

Mzee Musafiri aliweka glasi yake juu ya meza, taratibu, akaifunika kwa kiganja.

"Papa Kashindi, umetema ju ya nini?"

"Ni mazoea, mzee. Mazoea ya kazi. Minye ni muonjaji, tunatemaka."

"Mazoea?" Alinitazama. "Kwa kazi, sawa. Lakini hapa si kazi. Hapa ni kwa bakwe. Muntu anaweza kusahau namna ya kumeza?"

Nilichukua glasi, nikamimina tena ili ninywe mbele yao. Mmoja wao akasema kwa sauti ya kutosha, "Saa hii atameza ju ameonekana. Nani anajua kama alikunywa dawa ya kuzuia sumu mbele ya kuya hapa?" Wakaanza kusimama. Hakuna aliyefoka. Wanaume walikuwa wanatafuta kofia zao, wanawake wanafunga vitenge upya. Kijana, mchumba mwenyewe, alikuwa anaangalia viatu vyake. Mlangoni niliona Neema amesimama, amepambwa, mikono imeshika kizingiti. Hakulia. Aliniangalia tu kama mtu anayesubiri uthibitishe habari mbaya aliyokwisha kuisikia.

Nilijua vizuri kilichokuwa kinatoka nje ya ua ule. Si ndoa moja tu. Binti wa mtu aliyetema mbele ya wakwe hataolewa hapa Uvira, wala mji wa Baraka, wala ng'ambo ya ziwa.

Nikasema: "Ngojeni. Chupa ni mbovu."

Wakasita.

"Nimesikia ubaya ndani yake," nikaendelea. "Nilitaka kuficha ju ya haya, ju ni zawadi. Lakini siwezi kuwapa. Nimetema ili musikunywe."

Mngeona Mzee Musafiri alivyobadilika. Uso ulimfunguka. Alinijia mikono miwili mbele, akanikumbatia. "Umetuokoa," akasema. "Kaka yangu hakupata muntu wa kutema. Umetuokoa, mukwe." Watu wakaanza kupumua na kuongea kwa pamoja, kofia zikarudi chini. Ndipo akauliza swali ambalo, nawaapia, nilikuwa sijalifikiria.

"Na hii chupa, ilitoka kwa nani?"

Vichwa viligeuka vyenyewe kuelekea kiti cha mama wa binti.

Mama Nabintu alikuwa ananiangalia mimi. Yeye alijua. Alikuwa ameionja shehena ile kwa mdomo wake, alinijua mimi na kichwa changu kinachogeuka kushoto, yeye ndiye aliyekifundisha. Angesema neno moja, "Nileteeni glasi," akameza, na mambo yangekuwa mengine: mimi mwongo, ndoa imekwisha. Alimtazama Neema mlangoni. Kisha akasimama, akakaza kitenge chake.

"Kama Kashindi ametema," akasema, "basi ametema."

Akatoka nje kwa mlango wa ua, na watu walimpisha zaidi ya nafasi aliyoihitaji.

Nilisema sitazungumzia vyeo. Hiki kimoja lazima nikitaje. Patron alisikia habari Jumapili kanisani. Jumatatu alimwambia Mama Nabintu kwamba depo haiwezi kuwa na muonjaji mwenye jina kama lile, na Jumanne mimi nikakaa kwenye meza ya kona. Glasi zilikuwa zimeoshwa na kupangwa zikiwa zimefunikwa. Mama Nabintu aliniachia pia majivu mapya kwenye ndoo.

Neema aliolewa. Alihamia kwa mumewe, akazaa, akazaa tena. Mzee Musafiri kila Noeli alikuwa anasimama mezani na kusimulia jinsi mkwe wake alivyomwokoa, na mimi ninaangalia sahani. Mama Nabintu alijaribu kuuza mandazi pale Kilibula. Watu walikuwa wanampungia mkono kwa mbali, wananunua kwa jirani. Kanisani alileta chungu cha wali siku ya sherehe, na jioni akakirudisha kikiwa kimejaa. Mjane anayeishi peke yake, aliyefiwa na mume ambaye sasa watu walianza kukumbuka alikufa vibaya, hahitaji kushtakiwa mahali popote. Inatosha watu waache kunywa maji kwake. Nilikuwa napita mbele ya mlango wake kila asubuhi. Nilikuwa namsalimu, naye anaitikia. Hatukuwahi kusimama.

Mtauliza kwa nini sikusema ukweli. Mwanzoni ilikuwa ndoa bado changa. Halafu ikawa mimba. Halafu wajukuu. Halafu, ndugu zangu, sikuwa na sababu tena, nilikuwa na woga tu, na woga haukosi pa kukaa. Nilifanya hata baya zaidi. Kila muonjaji mpya aliyekuja mezani nilimsimulia habari ya chupa mbovu ya mahari, kama fundisho: usiamini chupa kwa sababu unamwamini aliyeileta. Ni fundisho zuri. Mlilipenda. Kila mwaka niliongeza kitu kidogo, harufu ya mafuta ya taa, mara rangi iliyofifia. Mnakumbuka.

Kisha ziwa likapanda. Mliokuwapo mnajua jinsi maji yalivyoingia Kavimvira, tukatembea ndani ya depo maji yakitufika magotini. Karton zilioza, lebo zikang'oka na kuelea kama majani. Tulibaki na chupa bapa mamia, zimefungwa vizuri, zote za umbo moja, hazina jina. Zilikuwa wiski za aina nne zilizochanganyika, na patron alitaka kujua ipi ni ipi. Niliweza kutenganisha aina mbili. Mbili zilizobaki zilinishinda. Nilionja siku tatu mpaka ulimi ukawa ngozi. Siku ya nne nilifunga vichupa viwili kwenye mfuko wa plastiki nikaenda Kilibula, nikabisha mlango ambao sikuwa nimeubisha kwa miaka tisa.

Alikuwa amezeeka ghafla, kama watu wanaokula peke yao. Niliona chumba kimoja, kitanda, jiko la makaa. Sikujua nianzie wapi, kwa hiyo nilianzia kazini. Nikamweleza habari ya lebo. Alileta glasi mbili za chai, bakuli lenye majivu ya jiko, akakaa, akafunga macho.

Alichukua muda mrefu. Alinusa, akaongeza maji, akasugua viganja vyake vilivyokauka. Akaonja, akatema. Akaonja ya pili, akatema.

"Hii ya kwanza iko mahindi ya kuungua. Ni ile ya lebo nyekundu. Hii ya pili inakuya nyuma na jani ya tumbaku. Weye umeonja na kinywa cha kuchoka. Pumuzika siku mbili."

Alikuwa sahihi, tulihakikisha baadaye kwa chupa za zamani. Nilisema asante. Nilibaki nimekaa. Yeye ndiye aliyesema, huku anafuta glasi.

"Ile ya siku ya mahari. Ulisikia mbao?"

"Nilisikia, mama."

"Na chumvi ya nyuma?"

"Na chumvi. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kupita zote."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei anayoijua. "Nilikuwa najiuliza kama umri ulinidanganya. Miaka yote hii nilikuwa najiuliza: labda kinywa changu ndicho kiliharibika, labda kweli niliwaletea kitu kibaya." Akaiweka glasi chini. "Basi. Enda, patron anakungoja."

Nilimpigia magoti. Nasema wazi, nilipiga magoti kwenye saruji na nikalia kama mtoto. Aliniruhusu nilie, hakunigusa. Nilimwahidi kwamba nitasema mbele ya watu. Alisema, "Neema iko na batoto batatu." Sikuelewa kama ananikataza au ananikumbusha. Nilichagua kuelewa kwamba ananikataza.

Alikufa msimu wa mvua uliofuata. Kwenye matanga tulikuwa watu wachache. Wapwa zake walipika chai na kuleta bia, na waombolezaji walikuwa wamekuja na chupa zao za maji kwenye mikoba. Chai ilipoa kwenye birika. Mimi nilikunywa vikombe viwili mbele yao wote, na nilimeza. Ilikuwa imechelewa, na hakuna aliyekuwa anaangalia.

Kabla ya kuwaandikia ninyi niliona ni haki kumwambia Neema kwanza, maana kitakachoharibika kitaharibikia nyumbani kwake. Mzee Musafiri bado yupo hai, bado anasimulia. Nilikwenda wiki iliyopita, saa za mchana, watoto wakiwa shule. Alikuwa anakunja nguo zilizokauka. Nilikaa, nikamwambia yote kama nilivyowaandikia hapa: kwamba nilitema kwa mazoea, kwamba wiski ilikuwa nzuri, kwamba Mama Nabintu hakuwa na kosa na nilimuuza mbele ya watu ili yeye aolewe. Nikamwambia naandika, na kwamba mtaisoma. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, au kwa kufukuzwa.

Alikunja shati moja, akaliweka juu ya jingine.

"Najua, baba."

"Unajua nini?"

"Siku ile wageni walipoendelea kula, chupa ililetwa jikoni, ikawekwa chini ya meza. Hakuna mwenye alitaka kuigusa. Minye nikaifungua. Mama Nabintu alinifundisha kunusa mbele ya kunifundisha kupika." Alinyoosha kola kwa kidole. "Nikanusa. Nikaonja kidogo. Nikaimwaga yote mu choo, ju muntu mwingine asikuye kuionja."

Siku zote nilikuwa naamini yeye ndiye mtu pekee katika jambo hili ambaye ni safi, na nilikuwa nimekaa kimya miaka yote kwa ajili ya usafi huo.

"Mama Nabintu alikulea," nikasema. "Uliona namna alivyoishi. Kwa nini haukusema?"

Neema alichukua suruali ya mtoto mdogo, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya zile nyingine. Hakuwa na hasira. Aliniuliza kama mtu anayetaka kweli kujua.

"Na weye?"